Malaya ni Nani? Neno Baya Ndani ya Nyumba ya Kikristo



Miongoni mwa barua zilizotufikia, iko moja ya mama anayeishi karibu na Karatina. Amefunga ndoa kanisani miaka 12 iliyopita, ana watoto watatu, naye huuza nyanya na vitunguu sokoni. Tumeifupisha barua yake na kuondoa yote ambayo yangeweza kumtambulisha. Anaandika hivi:

"Jioni moja nilichelewa kufika nyumbani. Mvua ilikuwa kubwa, matatu zikakosekana, nikashuka kwenye lami saa mbili usiku na kutembea peke yangu hadi nyumbani. Nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni. Hakuniuliza kilichonichelewesha. Aliniita malaya, na watoto wote wakasikia. Asubuhi, nilipokuwa nikimfunga kitinda mimba wetu vifungo vya sweta ya shule, aliniuliza: Mama, malaya ni nani? Ana miaka 7. Nilinyamaza, na hadi leo sijamjibu.

"Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Fedha za majani chai huingia katika akaunti ya mume wangu. Nikimwomba karo mchana hunifukuza. Nikimwomba usiku, tukiisha kulala pamoja, hunipa. Kwa hiyo nimejifunza kungoja usiku. Aliponiita jina lile nilijiuliza: Je, huenda anasema kweli? Mimi na wale wanawake wanaosimama mjini usiku tuna tofauti gani?"

Mama mpendwa, pole sana. Barua yako ina maswali mawili, la mtoto na lako. Lakini ukiyatazama vizuri utaona ni swali moja. Mtoto anauliza malaya ni nani. Wewe unauliza kama ni wewe. Hatuwezi kumjibu mtoto kabla hatujakujibu wewe, na hatuwezi kukujibu wewe kabla hatujalitazama neno lenyewe. Twajua kwamba ni neno ambalo wengi hawapendi kulisoma katika gazeti la familia. Hata hivyo, kama laweza kutamkwa mlangoni mbele ya watoto, basi laweza pia kuchunguzwa hapa kwa utulivu.

NENO LILILOPANDA NA BARABARA

Sisi Wakikuyu husema mumaraya. Yeyote asikiaye vizuri hutambua kwamba ni neno la Kiswahili, malaya, ambalo ndimi zetu zimeligeuza kwa kuweka r mahali pa l. Maneno mengi yalitufikia kwa njia hiyo, yakipanda pamoja na barabara, soko na mji: meza, sahani, duka, na hili nalo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kituo cha serikali ya kikoloni kikawekwa Nyeri mwaka 1902, mwaka uleule ambao wamisionari wa Consolata walifika nchini. Kisha ikaja kodi ya nyumba, ambayo ilidaiwa kwa fedha, na fedha hazikuota shambani. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 1920, mwanamume Mwafrika aliyetoka katika hifadhi ya kabila lake alipaswa kubeba kipande shingoni. Wanaume wa Nyeri, Murang'a na Kiambu waliingia Nairobi kutafuta kazi. Mji ule ulitaka mikono yao, lakini haukutaka jamaa zao. Mshahara ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja, na kitanda alichopewa mfanyakazi kilikuwa cha mtu mmoja. Mke na watoto walihesabiwa kuwa watakula shamba kule nyumbani.

Mwanahistoria mmoja aitwaye Luise White aliwasikiliza wazee wa Nairobi, wanawake kwa wanaume, katika miaka ya 1970, akachapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 1990. Wazee hao walimweleza kwamba zamani zile kulikuwa na majina mbalimbali. Watembezi walikuwa wanawake waliotafuta wanaume njiani. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao na kutaja bei waziwazi. Malaya alikuwa yule aliyetulia ndani ya chumba chake, katika mitaa kama Pangani na Pumwani, akingoja mwanamume abishe hodi. Mgeni huyo hakuja kununua kitanda tu. Alipata chai, maji ya kuoga, chakula kilichopikwa na mtu wa kuzungumza naye, na asubuhi akapewa chai tena kabla ya kwenda kazini. Kisha alilipa.

Baba msomaji, hebu isome tena orodha hiyo: chai, maji ya moto, chakula, mazungumzo, mahali pa kulala. Hayo ndiyo mambo ya nyumbani. Mwanamume aliyemwacha mkewe Othaya au Tetu alikwenda kununua kwa senti chache mfano wa nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo wake katika miji yetu, biashara hii ilikua mahali ambapo mume na mke walitenganishwa. Hatusemi hivyo ili kuihalalisha. Twasema hivyo ili tujue kwamba yule mwanamke chumbani hakuwa peke yake katika habari hii. Alikuwapo aliyebisha hodi. Alikuwapo tajiri aliyelipa mshahara usiotosha jamaa. Wakati mwingine alikuwapo hata baba mzazi, maana wazee hao walieleza pia jinsi baadhi ya mabinti walivyotuma fedha kwao ili mifugo iliyopotea irudishwe. Mbuzi wakaingia zizini, na neno likabaki kwa binti.

KIKOHOZI NA SIKIO

Neno lingine tulilonalo, ambalo Biblia zetu za Kiswahili hulitumia, ni kahaba. Hilo limetoka katika Kiarabu. Wataalamu wa kale wa kamusi za Kiarabu walilihusisha na kitenzi chenye maana ya kukohoa, wakieleza kwamba mwanamke wa kazi hiyo alikohoa kidogo ili mwanamume apitaye ajue kwamba yupo. Ndugu zetu Watanzania nao wana neno changudoa, ambalo ni jina la samaki.

Tafakari kidogo juu ya maneno hayo. Mtu hakohoi hivyo gizani isipokuwa kuna sikio linalotegwa. Samaki hapangwi sokoni isipokuwa kuna mnunuzi mwenye kikapu. Lugha imempa jina mwenye kukohoa, lakini mwenye sikio haina jina la kumwita. Imempa jina samaki, na mwenye kikapu amekwenda zake nyumbani akiwa mtu wa heshima.

Wala hatuwezi kukilaumu Kiswahili. Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika majina ya watu. Mwalimu ni mwalimu, awe mwanamke au mwanamume. Mwizi ni mwizi. Na neno malaya laweza kumshika mwanamume vilevile. Ni sisi wenyewe tulioamua kulipeleka upande mmoja. Kijana akiwa na wasichana wengi tunacheka na kusema ni dume. Dada yake akionekana na mvulana mmoja tu, tunalitoa neno hili. Jambo baya zaidi ni kwamba tumelitoa kabisa katika maana yake. Neno lenyewe lataja mapatano ya fedha: mmoja anauza, mwingine ananunua. Sisi tunamwita hivyo mwanamke aliyevaa suruali, aliyepata cheo kazini, aliyemkataa mwanamume, aliyechelewa kwa sababu ya mvua. Mama wa Karatina alikuwa ameuza nini jioni ile, ila nyanya na vitunguu?

YUDA NA MWANA-MBUZI

Maandiko Matakatifu yana habari ambayo ni nadra kusikia ikihubiriwa. Imo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 38. Tamari alikuwa mkwewe Yuda. Mume wake alikufa, na ndugu ya mume akafa pia. Kwa desturi ya wakati ule Yuda alipaswa kumwoza kwa mwanawe wa tatu, lakini alimrudisha kwa baba yake na kumwacha huko akingoja bure. Siku moja Tamari alijifunika uso, akaketi kando ya njia. Yuda alipita, akamdhania kuwa kahaba, akapatana naye bei. Bei hiyo ilikuwa mwana-mbuzi. Kwa kuwa hakuwa na mbuzi njiani, aliweka rehani muhuri wake, kamba yake na fimbo yake.

Miezi mitatu baadaye Yuda aliambiwa kwamba mkwewe amefanya ukahaba na ana mimba. Hakuuliza swali hata moja. Aliamuru atolewe nje achomwe moto. Ndipo Tamari alipomletea ile rehani ili aitambue. Yuda aliitambua, na mbele ya watu akakiri kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye.

Enyi akina baba, Yuda hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mtu wa kawaida sana. Mdomo uleule uliopatana bei ndio uliotoa hukumu ya moto. Alikuwa na neno kwa ajili ya Tamari, lakini hakuwa na neno kwa ajili yake mwenyewe. Ukubwa wake, kama tunaweza kuuita hivyo, ni kwamba alipoonyeshwa fimbo yake hakukana. Na Mungu hakulitupa jina la Tamari. Mathayo anapotaja ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, Tamari yumo katika aya ya 3, na Rahabu, ambaye Biblia humwita kahaba wa Yeriko, yumo katika aya ya 5. Wametajwa kwa majina yao.

JINA LILILOFUNIKWA

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka 2012, katika mji wa Nanyuki, mwanamke mwenye umri wa miaka 21 aliyeitwa Agnes Wanjiru alipotea usiku. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano. Baadaye mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo chake iliamua kwamba aliuawa, na kwamba wauaji walikuwa wanajeshi wa Uingereza. Septemba 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza, miaka 13 baada ya kifo chake.

Habari nyingi zilizoandikwa juu yake zilianza na kazi ambayo alisemekana kuifanya. Wengi walioisoma waliishia hapo, kana kwamba neno hilo lilitosha kueleza kifo. Hebu tujiulize kwa unyofu: kama angekuwa mwalimu wa shule au muuguzi, je, tungekaa kimya hivyo kwa miaka mingi? Hii ndiyo hatari ya neno hili. Likiisha kumwangukia mtu, jina lake hufunikwa. Haonekani tena kuwa binti wa mtu, dada wa mtu, mama wa mtoto anyonyaye. Na asiye na jina ni rahisi kumdhulumu na ni rahisi kumsahau.

Kanisa halisemi kwamba ukahaba ni jambo dogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 27, uliutaja pamoja na utumwa na biashara ya watu miongoni mwa mambo yanayodhalilisha utu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2355, yafundisha kwamba ni dhambi nzito. Lakini soma namba hiyo vizuri: yamtaja anayelipa, na kusema kwamba anatenda dhambi nzito. Tena yaeleza kwamba ufukara, vitisho na shinikizo la jamii vyaweza kupunguza lawama ya mtu aliyeingia humo. Kanisa latutaka tuitaje dhambi, lakini tuitaje yote, pamoja na mnunuzi wake na sababu zake, bila kumgeuza mtu kuwa dhambi yake.

JE, MKE ANGOJAYE USIKU NI MALAYA?

Sasa tumefika kwenye swali lako, mama. Wasema kwamba unapewa karo baada ya kulala pamoja na mume wako, na kwa hiyo unajiuliza kama mna tofauti na wale wa mjini. Hatutakujibu haraka kwa kusema "la, wewe una cheti cha ndoa". Cheti peke yake hakigeuzi tendo kuwa jema. Swali lako ni la kweli na lastahili jibu la kweli.

Bei ni nini? Bei ni kitu kinachotolewa ili kimalize deni. Nikinunua debe la waru pale Karatina nikalipa, mimi na muuzaji tumemalizana. Simdai, hanidai, kila mtu ashike njia yake. Ndivyo ilivyo biashara, na ni halali kwa waru. Katika ukahaba mwili wa mtu hufanywa kama debe lile: fedha hulipwa ili baadaye pasiwe na deni wala kujuana. Kwa kweli, mnunuzi hulipia haki ya kuondoka.

Ndoa ni kinyume chake kabisa. Mbele ya altare hamkuuziana kitu. Kila mmoja alijitoa mzima kwa mwenzake, katika taabu na raha, na tangu hapo hakuna kulipana mkamalizana. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, afundisha kwamba mwili wa mke ni wa mume, na papo hapo asema kwamba mwili wa mume ni wa mke. Wengi wetu tunaikumbuka nusu ya kwanza tu. Ikiwa mwili wako, baba, ni wa mkeo, basi na jasho lake ni la mkeo, na fedha zitokanazo na jasho hilo ni za nyumba. Majani yale mke naye ameyachuma. Karo ni ya watoto wenu watatu. Fedha hizo zilikuwa deni lako tangu mchana. Hazikungoja usiku ndipo ziwe halali.

Kwa hiyo, mama, sikiliza. Wewe hukuuza kitu. Ulikuwa unadai kilicho chako na cha watoto wako, na mlango wa mchana ukafungwa. Aliyefunga mlango wa mchana na kuacha wazi ule wa usiku ndiye aliyefungua duka ndani ya nyumba. Huenda hakukusudia hivyo. Huenda hata hajui kwamba amefanya hivyo. Lakini alipokuita malaya mlangoni alifanya kama Yuda: alikupa wewe jina la soko ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua.

Hata hivyo, usiendelee kungoja usiku. Si kwa sababu umekuwa malaya, bali kwa sababu zoea hilo linawaibia nyote wawili. Kila ukienda kitandani huku akili yako ikihesabu karo, mapendo yanapungua. Naye mumeo, hata kama hasemi, huanza kujiuliza kama unampenda au unazitaka fedha zake. Huenda ndilo jeraha lililosema kupitia mdomo wake jioni ile. Mtu aliyezoea kulipa huishia kuogopa kwamba kuna mwingine anayelipa zaidi.

Kwa haki lazima tuwaonye na akina mama. Wako wake wasionyimwa karo wala chakula, ambao hata hivyo hufunga mlango wa chumba hadi waletewe kitambaa kipya au simu mpya. Huyo naye ameweka bei mahali ambapo Mungu aliweka zawadi. Bei haichagui mke wala mume.

"LAKINI NILIMNUNUA"

Tunajua kwamba baadhi ya akina baba watajibu: "Nilitoa ruracio. Nilitoa mbuzi na ng'ombe. Huyu ni wangu." Ndugu zetu, mnawasingizia wazee wenu. Mila yetu yasema kwamba ruracio haiishi. Mtu hutoa leo, na mwaka ujao hurudi tena kwa wakwe zake, na hata watoto wakikua bado kuna kitu cha kupeleka. Sasa fikirini: ni bidhaa gani duniani ambayo mnunuzi hamalizi kuilipia kamwe? Bei humalizika, maana kazi yake ni kumaliza. Kile kisichoisha si bei, ni undugu. Mbuzi wa ruracio hufunga jamaa mbili pamoja. Mbuzi wa Yuda alikusudiwa kuwaachanisha watu wawili wasijuane tena. Asiyeona tofauti ya mbuzi hao wawili hajaijua mila wala Injili.

Mwingine atasema: "Nilikuwa na hasira tu. Sikumaanisha." Twakubali kwamba hukumaanisha. Lakini neno likitoka mdomoni halingoji maana yako. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 5, aliliweka tusi karibu sana na mauaji, na baada ya habari ya Nanyuki tunaelewa kwa nini. Hata sheria ya nchi imeliona hilo: Sheria ya Kuzuia Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 yahesabu matusi na mateso ya moyo kuwa dhuluma, sawa na kipigo. Na wako watoto. Mtoto wa kiume asikiaye mama yake akiitwa hivyo hujifunza kwamba mwanamke yeyote aweza kuitwa hivyo. Mtoto wa kike hujifunza kwamba hata akiwa mke mwaminifu halitamkosa.

MFANYE NINI SASA

Kwanza, swali la mtoto lisiachwe bila jibu, maana mtoto asiyejibiwa nyumbani hujibiwa njiani. Ana miaka 7. Hahitaji mambo ya watu wazima. Mwambie: "Ni neno baya ambalo watu hulitumia kumwumiza mwanamke. Mama si hivyo. Na hata mtu anayeitwa hivyo na watu, ana jina lake ambalo Mungu analijua. Sisi hatutalitumia kumwita mtu yeyote." Hayo yatosha kwa sasa.

Ingefaa zaidi kama jibu hilo lingetoka kwa baba. Baba mpendwa, ukiisoma barua hii na kujitambua, kama Yuda alivyoitambua fimbo yake, usitafute nani aliyetuandikia. Tusi ulilitoa mbele ya watoto. Na radhi iombwe mbele ya watoto, si chumbani kwa kunong'ona. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 133, alikumbusha kwamba nyumba yahitaji maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Hutapungukiwa na ubaba kwa kutamka la tatu. Watoto wako watakumbuka mambo mawili juu ya juma lile: kwamba baba alikosa, na kwamba baba alijua kutubu. Kisha nendeni wote wawili kwenye sakramenti ya Kitubio.

Pili, zungumzeni juu ya fedha mchana. Bonasi ya majani chai ikiingia, ketini mezani na daftari. Andikeni karo, chakula, mbolea, bima ya afya na sadaka, na kila mmoja ajue kiasi kilichopo. Mambo ya fedha yakiisha mezani, hayatawafuata chumbani. Mkishindwa peke yenu, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa au watu wawili wenye busara katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Tatu, mama akichelewa, au baba akichelewa, swali la kwanza liwe: "Umefika salama?" Maswali mengine yatapata nafasi yake baada ya chai.

Twamalizia na jambo moja la kwetu. Katika parokia ya Gikondi watu wa Nyeri waliishi na Sista mmoja Mkonsolata aliyewafundisha na kuwauguza hadi akafa mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Jina lake lilikuwa Irene Stefani, lakini watu walimpa jina lao wenyewe, Nyaatha, maana yake mama wa huruma. Alipotangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, ni jina hilo walilolipaza. Basi watu wetu wanajua kumtazama mwanamke, wakaona anayoyafanya, wakampa jina linalomstahili. Mama wa Karatina hutembea usiku kwenye matope akibeba faida ya nyanya kwa ajili ya watoto. Mume wake ana muda wa kutosha wa kumtafutia jina lingine.

Maswali ya kujadiliana mume na mke:

1. Je, kuna neno ambalo mmoja wetu alimwita mwenzake kwa hasira, ambalo bado halijaombewa radhi?

2. Je, kuna jambo la haki ambalo mmoja wetu hulipata tu baada ya kumridhisha mwenzake kitandani?

3. Watoto wetu wa kiume hutusikia tukiwatajaje wanawake wa mjini? Na wanaume waendao kwao tunawatajaje?

4. Tukiketi leo na daftari la fedha, ni nani kati yetu ataogopa, na kwa nini?